Uliza Mchoraji: Shamba la manjano, mkokoteni wa buluu

Barua nne mwezi huu, na zote kwa namna moja au nyingine zinarudi kwa mchoraji yule yule, Vincent van Gogh. Ya kwanza nimekaa nayo siku tatu kabla ya kuijibu, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa mkulima wa ngano, kwetu ni Timau, Kenya. Mwaka jana nilinunua kalenda kuukuu kwa muuza vitabu vya mtumba, nikakata ukurasa mmoja, nikautia fremu na kuutundika sebuleni. Ni shamba kubwa la manjano, katikati pana mkokoteni wa buluu, nyuma kuna vilima. Chini pameandikwa Van Gogh, Mavuno, 1888. Shemeji yangu kila akija husema huyo mtu alikuwa kichaa, ndiyo maana shamba lake linawaka namna ile. Mimi nimekulia kwenye ngano, na naona ngano iliyokauka ndivyo ilivyo hasa. Nani kati yetu yuko sahihi? Na mahali penyewe papo kweli? Binti wa Timau

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyeona sawasawa. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu hilo neno la shemeji yako nimelisikia darasani miaka ishirini na sita na halijaacha kuniuma.

Nianze na mahali. Papo. Ni uwanda wa La Crau, nje kidogo ya mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa. Vile vilima vya buluu vinaitwa Alpilles, na gofu lile kule nyuma ni Montmajour, makao ya kale ya watawa. Vincent van Gogh alipapenda mno. Mwezi wa Julai mwaka ule alimwandikia mdogo wake, Theo, kwamba ameshakwenda Montmajour mara hamsini kuutazama uwanda. Nadhani baba yako naye hajawahi kuhesabu ni mara ngapi amesimama ukingoni mwa ngano yake, mikono nyuma, akiitazama tu.

Vincent alikuwa Mholanzi, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Aliingia Arles Februari 1888 akifuata jua, akakuta theluji. Majira ya kuchanua yalipofika akachora mabustani ya matunda, na Juni ngano ikaiva. Picha yako ni ya Juni hiyo. Kabla hajagusa turubai, kile kitambaa cha kuchorea, alishaichora mandhari ile mara mbili kwenye karatasi, na alimwambia Theo hivyo: nimechora mara mbili, sasa naanza upya kwa rangi ya mafuta. Aliipima kwanza, kama fundi anavyopima mbao kabla hajatia msumeno.

Sasa liko jambo ambalo shemeji yako hajalijua. Miaka minne kabla ya picha hiyo, 1884, Vincent alikuwa bado Uholanzi, katika kijiji cha Nuenen, akichora wafumaji na wakulima kwa rangi za udongo na moshi. Huko ndiko alikoandika barua kuhusu majira manne ya mwaka na rangi ya kila moja. Majira ya joto, alisema, ni buluu ikikabiliana na ule uchungwa uliomo ndani ya dhahabu ya ngano iliyoiva. Jua la kusini hakuwa amelipata bado. Wazo lile alilibeba miaka minne mizima, mpaka akafika mahali ambapo ngano imeiva pande zote na katikati yake umesimama mkokoteni uliopakwa buluu. Unadhani alijisikiaje siku hiyo? Mimi kila nikiufikiria mkokoteni ule moyo hunienda mbio.

Ugonjwa ulikuwapo, sitaki kuuficha wala kuufanya aibu. Ulimwangusha usiku wa tarehe 23 Desemba 1888, alipojikata sikio, na Mei 1889 akaingia hospitali ya Saint-Rémy kwa hiari yake. Lakini hesabu miezi: kutoka mavuno yako hadi usiku ule ni nusu mwaka. Na hata alipokuwa hospitali, ugonjwa ukimshika kwa nguvu mara nyingi brashi ililala wiki kadhaa. Ugonjwa ulimnyang'anya siku za kazi. Kumpa ugonjwa sifa ya kazi yenyewe ni kumdhulumu mgonjwa mara ya pili.

Watu husema pia kwamba alichora haraka mno, na haraka hiyo wanaihesabu kuwa dalili. Hapa wewe, binti wa mkulima, unaelewa kuliko maprofesa. Ngano ikishaiva haimngoji mtu. Mvua ikiiwahi, inalala chini na mwaka umekwenda. Vincent alikaa shambani zaidi ya wiki moja, jua kichwani, wavunaji wakikata na yeye akichora, akatoa picha kama kumi za mafuta na michoro mingine juu yake. Kisha ikaja dhoruba kubwa ya mvua na mavuno yakaisha, ya kwao na ya kwake. Mwendo wake ulikuwa mwendo wa wavunaji. Alijua pia watakachosema watu. Alimwambia Theo kwamba wakikuambia imechorwa haraka mno, wewe wajibu kuwa wao ndio wametazama haraka mno.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mtu asiyejiweza. Kusini kule kuna upepo mkali wanaouita mistral, unaweza kuondoka na turubai na kila kitu. Vincent alimweleza rafiki yake Émile Bernard namna ya kuushinda: unachomeka ardhini miguu ya kiegemeo kinachoshika picha, kando yake unapigilia vigingi vya chuma vya sentimita 50, halafu unafunga vyote pamoja kwa kamba. Hivyo ndivyo baba zetu wanavyofunga hema la arusi wakati wa kusi.

Nimebakisha lile ninalolijali kuliko yote.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Wete, Pemba. Tuliandika kwenye mbao kwa kalamu za tete alizozichonga mwenyewe, na wino wa masizi na gundi ya mti. Nilikuwa na miaka sita nilipojua mwendo wa kalamu ile. Ukiichovya tu, mstari unatoka mnene, mweusi, umeshiba. Ukiivuta, unakonda. Mwishoni wino unakatika na tete linakwaruza ubao, unabaki mkwaruzo mkavu kama unyayo wa kuku. Kisha unachovya tena. Anayelijua hilo hudumu akiliona popote lilipo.

Mwaka 2014 nilikwenda Uholanzi kumtembelea dada yangu, naye akanipeleka Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lenye jina la Van Gogh, ambako Mavuno yako ndiko iliko. Ni picha ya sentimita 73 kwa 92, upana wa dirisha la jikoni. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nilipoinama kutazama sehemu ya chini, pale kwenye mabua na majani ya mbele, nilimwona babu yangu. Mistari mifupi iliyosimama, mnene chini, mkavu juu. Vitone. Vijiti vilivyolazwa. Rangi ilikuwa ya mafuta na chombo kilikuwa brashi, lakini mkono ulikuwa wa mtu wa kalamu ya tete. Mlinzi alikuja taratibu akanionyesha kwa kiganja nirudi nyuma hatua moja.

Niliporudi nyumbani nikasoma, nikakuta ndivyo. Matete yaliota kando ya mifereji ya Arles, na Vincent alikuwa akiyakata na kuyachonga kalamu kama mtu anavyochonga unyoya wa bata bukini. Alimweleza Theo kwamba alishajaribu Uholanzi, ila matete ya kule hayakuwa mazuri kama haya. Hata baada ya kuimaliza Mavuno, aliichora tena kwa wino wa kalamu hiyo mara mbili, mchoro mmoja akampelekea Bernard na mwingine John Peter Russell, mchoraji wa Australia. Wa Bernard uko Berlin, wa Russell uko Washington. Na kiangazi hicho hicho aliandika kwamba yako mambo moyoni yenye nguvu kiasi kwamba mtu anafanya kazi bila kujihisi, na viboko vya brashi vinakuja kwa mfuatano, kama maneno katika hotuba au katika barua.

Kama maneno katika barua. Ndiyo maana shamba lako linakushika, mwanangu. Limeandikwa. Kila kitu kina herufi yake: ua wa matete una mistari yake, lundo la nyasi lenye ngazi iliyoegemezwa lina yake, mapaa yana yake, na zile ngano za mbali ambazo jicho haliwezi tena kutenganisha bua na bua zimelazwa kuwa mikanda mitupu ya rangi. Wavunaji wenyewe ni wadogo, ukucha wa kidole kidogo unawafunika, lakini wamo, wanafanya kazi.

Shemeji akija tena, mpe chai kwanza. Kisha ishushe picha, iweke kwenye mwanga wa dirisha, ufunike kwa gazeti nusu yote ya juu ili ibaki sehemu ya mbele tu. Mwambie ahesabu kuna namna ngapi za mstari. Usimwambie lolote zaidi. Nami niandikie alifika ngapi.

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Niko Muscat na familia yangu. Binti yetu wa miaka kumi na minne ameanza rangi za mafuta na anapenda manjano kupita kiasi. Mwenzangu kazini amenitisha kwamba manjano ya Van Gogh yanageuka kahawia na picha zake zitaharibika. Je, ni kweli? Na hapa jua letu ni kali, tufanyeje na kazi za mtoto? Mama wa Mchoraji

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Ni kweli kwa sehemu. Manjano aliyoitumia sana inaitwa manjano ya kromu. Mwaka 2011 watafiti wa Ulaya, wakitumia eksirei kali sana, walionyesha kinachotokea: mwanga unaibadili kromu iliyomo ndani ya rangi kutoka hali moja ya kikemia kwenda nyingine, na tabaka jembamba la juu linaingia ukahawia. Si kila manjano yake imebadilika sawa, kwa sababu kromu ilitengenezwa kwa namna mbalimbali na baadhi ni imara zaidi. Ndiyo maana pale Amsterdam taa ni hafifu hivi, na mwaka 2019 walitangaza kwamba picha yao ya Alizeti haitasafiri tena.

Manjano haikuteseka peke yake. Nyekundu fulani alizozipenda ziliondoka kabisa. Chumba chake cha kulala tunachokiona leo pichani kina kuta za buluu. Yeye alizipaka zambarau, na wekundu uliokuwa ndani yake umekufa.

Kwa binti yako: mtafutie tyubu ambayo nyuma imeandikwa PY35, hiyo ni manjano ya kadimia, imara mbele ya mwanga. Bei yake ni kubwa, lakini kidogo chake kinafika mbali. PY34 ndiyo kromu ya zamani, na ina risasi ndani yake, basi muiache dukani. Zote mbili hizi si za kuchezea: mkanye asiweke brashi mdomoni, na anawe mikono kabla ya kula. Kazi zake mzitundike ukuta ambao jua halipigi moja kwa moja. Na mwacheni apende manjano. Asikatazwe rangi kwa sababu ya miaka mia ijayo.

SWALI: Mwalimu, mwalimu wetu wa chuo anamwita Van Gogh "posti-impreshonisti". Nimetafuta katika barua zake kama alijiita hivyo sikuona. Jina hilo limetoka wapi? Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Hukuona kwa sababu halimo. Jina lilitungwa na Roger Fry, Mwingereza, alipoandaa maonyesho London mwaka 1910. Vincent alikuwa amekwisha kufa miaka ishirini, tarehe 29 Julai 1890. Fry alihitaji neno moja la kuwakusanya Cézanne, Gauguin, Van Gogh na wengine waliokuja baada ya Waimpreshonisti, na neno alilopata linasema tu "waliofuata". Ukitaka kuelewa tofauti, weka picha mbili pamoja. Monet, mmoja wa hao Waimpreshonisti, akichora lundo la nyasi anataka mwanga wa saa ile, na ukingo wa lundo unayeyuka ndani ya hewa. Van Gogh akichora lundo la Mavuno, ukingo wake unaweza kuugusa kwa kidole, na rangi imesukumwa zaidi ya ilivyo ili iseme joto. Hilo likikukaa kichwani, mtihani utaupita.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni kijana wa Tanga, nafanya kazi za mikono. Nataka kuchora mashamba ya mkonge wakati wa jua kali, jinsi mistari yake inavyokwenda mpaka vilimani. Rangi za mafuta siziwezi kwa bei. Nianzie wapi? Kijana wa Tanga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Barua yako imefika wiki moja na ya binti wa Timau, na jibu lenu ni ndugu. Usianze na rangi. Mkonge wenyewe ni mistari, na mistari inataka kalamu.

Nenda penye maji yanayotulia, ukatafute tete lililokauka likiwa limesimama, gumu, unene wa kalamu ya risasi. Bichi litasinyaa na kukupasukia. Kata urefu wa shubiri, fundo libaki upande wa juu ili lishike vizuri mkononi. Kwa kisu chenye makali kweli, kata ncha kwa mshazari mrefu, kama kipande cha muhogo wa kukaanga. Kisha punguza mbavu mbili za ncha mpaka ibaki pana kama punje ya mchele. Hapo ndipo babu alipokuwa akinyamaza na kushusha pumzi: weka ncha juu ya kipande cha mti mgumu, uipasue katikati kwa kusukuma kisu mara moja tu, ufa usizidi upana wa kidole. Huo ufa ndio unaobeba wino. Mwisho ikate ncha iwe sawa, bila ndevu.

Wino wa dukani unatosha. Karatasi isiwe ile inayong'aa. Chonga kalamu tatu, moja nene, moja ya katikati, moja nyembamba kama ncha ya msumari, kwa sababu mkonge wa karibu na mkonge wa mbali haviandikwi kwa kalamu moja.

Siku ya kwanza usichore shamba. Keti mbele ya mmea mmoja wa mkonge, tangu saa kumi jioni jua likianza kulala, uuandike huo mmoja: jani linatoka nene kwenye shina, linakwenda likikonda, linaishia na mwiba. Utaona kalamu inafanya hivyo hivyo yenyewe, imeshiba mwanzoni na kavu mwishoni. Siku ya pili andika mistari miwili ya mimea na udongo ulio kati yake, udongo uupe vitone. Vilima viache wiki nzima. Wakati wa kuvichora ukifika, tumia mstari mmoja.

Ukiwa na karatasi kumi nitumie mbili: ile unayoiona nzuri na ile iliyokushinda.